Kupima majani ya sukuma bila kuyachuma

Mara hii tunaongea juu ya kazi ambayo ukiitaja mbele ya watu watacheka kwanza: kupima majani. Si kuyatia kwenye mizani, wala si kuyahesabu tu, bali kujua ukubwa wake, yaani ule upana wote unaopokea jua. Na tunayapima yakiwa bado kwenye mche, bila kuchuma hata moja.

Habari yenyewe inatoka Gikomba, kando ya Mto Nairobi. Wengi wakisikia Gikomba wanafikiria mitumba, mbao na samaki. Lakini nyuma ya mabanda, na katika nyumba za Majengo na Shauri Moyo, kuna akina mama wanaokuza sukuma wiki, kunde na terere ndani ya magunia, kwa sababu shamba hakuna. Kilimo cha magunia si kitu kipya Nairobi. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilisaidia familia nyingi za Kibera na Mathare kukianza. Na tangu mwaka 2015 kaunti ina sheria yake inayotambua kilimo cha mjini.

Sasa, kikundi kimoja cha huko Gikomba kilikuwa na magunia arobaini ya sukuma. Nusu yake yaliwekwa mbolea ya kuku, nusu mbolea ya mbuzi. Baada ya miezi miwili mzozo ukaanza. Wenye magunia ya kuku walisema, "Si mnaona kwa macho? Yetu yamejaa majani." Walitaka pesa zote zilizokuwa kwenye sanduku zinunue mbolea ya kuku kabla ya mvua. Wale wa mbuzi nao wakajibu kwamba wenzao hawajachuma kwa wiki mbili, ndiyo sababu magunia yao yanaonekana yamejaa. "Hata sisi tukiacha kuchuma tutajaza!" Maneno yakawa mengi mpaka mama mmoja akataka arudishiwe akiba yake ajitoe.

Pesa za sanduku zilikuwa jasho la watu. Kuzitumia zote kwa sababu ya maneno ya mwenye sauti kubwa si haki, na kuacha mbolea nzuri kwa sababu ya ubishi pia si busara. Ndipo wakakubaliana wapime.

Kwa nini majani, na kwa nini tusiyachume

Jani ndilo jiko la mmea. Hapo ndipo mwanga wa jua, maji na hewa vinapikwa kuwa chakula cha mche mzima, mpaka mizizi. Mche wenye jani pana hupika zaidi, hukua zaidi, na pia hunywa maji zaidi, kwa sababu maji hutokea kwenye vitundu vidogo vya jani kama mvuke. Kwa hiyo ukijua ukubwa wa majani unajua mambo mengi: mbolea inafanya kazi au la, gunia gani linahitaji maji zaidi, wadudu wamekula kiasi gani. Kwa mahindi, jani hutangulia kukuambia habari za hindi ambalo bado halijatokea. Kwa sukuma, jani lenyewe ndilo mavuno na ndilo pesa.

Mtu atauliza: si tuchume tu tupime mezani? Ukichuma jani kulipima, umeubadilisha mche. Wiki ijayo huwezi kupima jani hilo tena uone limeongezeka kiasi gani, na mche uliopunguziwa majani hautakua sawa na mwenzake. Tena kwa mwenye gunia moja, majani kumi ya kupima ni mboga ya jioni. Nani atatoa?

Na kuhesabu majani peke yake hakutoshi. Mche mmoja unaweza kuwa na majani kumi madogo kama kiganja cha mtoto, mwingine majani sita mapana kama sahani. Ukihesabu, wa kwanza ameshinda. Ukipika, wa pili ndiye anayelisha watoto.

Hesabu ya fundi wa nguo

Aliyewafungulia njia alikuwa shosho mmoja anayeshona sare za shule. Kijana aliyekuwa akipita na mkokoteni alimwona ameinama na tepu yake juu ya sukuma, akamwuliza, "Shosho, sasa unashonea hiyo mboga nguo?" Akajibiwa, "Mjukuu wangu, kama ninaweza kupima wewe bila kukukata, nitashindwa na jani?"

Na kweli, ndiyo hesabu yenyewe. Fundi akikata kola, anaanza na kipande cha kitambaa chenye pembe nne. Urefu mara upana ndio ukubwa wa kitambaa. Kola ikitoka, vipande vinabaki chini. Jani pia liko hivyo. Ukipima urefu wake na mahali palipo papana zaidi, ukazidisha, umepata kitambaa chote pamoja na vile vipande vya pembeni ambavyo jani halina. Kwa hiyo lazima upunguze. Kupunguza kiasi gani? Hilo ndilo swali.

Kwa mahindi jibu ni la zamani. Mwaka 1911 huko Nebraska, Marekani, mtaalamu aitwaye E. G. Montgomery aliandika kwamba jani la hindi ni kama robo tatu ya urefu mara upana, yaani unazidisha kwa 0.75. Mpaka leo namba hiyo inatumika. Inaeleweka pia: jani la hindi lingekuwa kama ubao ulionyooka namba ingekuwa 1, lingekuwa pembetatu ingekuwa nusu. Liko katikati ya hayo mawili. Jani lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 9 litakuwa 80 mara 9, yaani 720, mara 0.75, ambayo ni sentimita mraba 540. Kwa jani la mgomba hutumika namba kama 0.8, kwa sababu limejaa zaidi pembeni.

Sukuma haina namba moja ya kutegemea. Kuna aina zenye jani la mviringo, nyingine ndefu, nyingine zimekunjana pembeni kama lesi. Hivyo kila kikundi kitafute namba ya mboga yake. Si kazi ngumu, ni ya mchana mmoja.

Jinsi ya kupata namba yenu

Tafuta kipande cha katoni kigumu, karatasi, penseli na rula. Weka karatasi juu ya katoni, kisha pitisha katoni chini ya jani likiwa kwenye mche. Mtu mmoja alinyooshe jani taratibu kwa vidole bila kulivunja kikonyo, mwingine apitishe penseli ukingoni. Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja akijaribu peke yake atararua jani, tumeona. Wakati huo huo pima urefu, kuanzia jani linapoanzia kwenye kikonyo mpaka ncha, na upana pale palipo papana kuliko pote. Kikonyo usikihesabu. Sukuma nyingine huwa na vijani vidogo kama masikio kwenye kikonyo. Amueni mapema kama mtavihesabu au mtaviacha, na msibadilishe katikati.

Kisha juu ya mchoro piga mistari ya miraba, kila mmoja sentimita moja kwa sentimita moja. Daftari la hesabu la watoto lina miraba tayari, lakini ipime kwanza kwa rula, maana si daftari zote zina miraba ya sentimita moja. Hesabu miraba yote iliyo ndani ya jani. Ule uliokatwa na ukingo, kama zaidi ya nusu yake iko ndani uhesabu kama mmoja. Kama ni chini ya nusu uache. Makosa madogo yatafidiana.

Tuchukue mfano. Jani la kwanza lina urefu wa 24 na upana wa 18, ukizidisha ni 432. Miraba iliyohesabiwa ni 302. La pili, dogo, ni 15 kwa 11, yaani 165, na miraba 117. La tatu, kubwa, ni 30 kwa 23, yaani 690, na miraba 476. Jumla ya miraba ni 895. Jumla ya urefu mara upana ni 1,287. Gawanya 895 kwa 1,287, unapata 0.695, au tuseme 0.70. Hiyo ndiyo namba ya kupunguzia. Lakini majani matatu hayatoshi, hapa tumefupisha ili hesabu ieleweke. Chora ishirini au zaidi, makubwa, ya katikati na madogo, kutoka miche tofauti. Na msikariri hiyo 0.70 mkaenda nayo nyumbani, ni ya mfano.

Ukishapata namba hiyo, kuchora kumekwisha. Kuanzia hapo ni tepu na daftari tu.

Kwa kunde na maharagwe, jani moja lina vijani vitatu. Pima kila kijani peke yake na utafute namba yake kwa njia hiyo hiyo. Muhogo ni taabu kidogo kwa sababu ya vidole vyake. Huko mimi ningepima kila kidole kama jani dogo, ingawa inachosha.

Daftari la kila wiki

Si lazima kupima kila mche. Katika gunia lenye miche mingi, chagua mitatu au minne, lakini usichague ile mizuri. Hapa ndipo watu hudanganyana, hata bila kukusudia. Andika namba za miche kwenye vikaratasi, mtoto achukue bila kuangalia. Iliyochaguliwa ifungiwe uzi kwa ulegevu, na iwe hiyo hiyo kila wiki. Pima asubuhi. Jua la saa saba likipiga, sukuma hulegea na kujikunja, na jani lile lile litaonekana limepungua.

Tuseme mche una majani sita: 24 kwa 18, 22 kwa 17, 20 kwa 15, 17 kwa 12, 12 kwa 8 na 6 kwa 4. Zidisha kila jani peke yake kwanza: 432, 374, 300, 204, 96 na 24. Jumla 1,430. Mara 0.70 ni sentimita mraba 1,001, yaani kama karatasi moja na nusu ya kupigia chapa. Usijumlishe urefu wote na upana wote halafu ndipo uzidishe. Hilo ni kosa la kawaida na hutoa jibu kubwa la ajabu.

Sasa lile jambo lililoleta ugomvi. Ijumaa mwenye mche amechuma majani mawili ya chini, lile la 432 na la 374. Kwa hesabu yetu hayo ni 564. Mche umebaki na 437. Wiki inayofuata unapimwa na kukutwa na 800. Asiyeandika mavuno atasema mche umerudi nyuma, kutoka 1,001 hadi 800. Ukweli ni kwamba umeongeza 363 ndani ya wiki moja, juu ya kumlisha mtu. Kwa hiyo kabla ya kuchuma jani la mche wenye uzi, lipime na uliandike. Mavuno pamoja na kilichobaki kwenye mche, hayo mawili ndiyo yanayosema habari kamili. Na mkichuma, acheni majani machache ya juu kila mara. Mche ulionyolewa wote hauna jiko.

Plastiki yenye nukta

Kuna njia nyingine, nzuri hasa kwa majani yaliyoliwa na viwavi. Chukua plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kama ile ya kufunikia vitabu vya shule. Kwa kalamu ya wino usiofutika tia nukta, kila nukta ikiwa sentimita moja kutoka kwa mwenzake, kwenda kulia na kwenda chini. Iweke juu ya jani na uhesabu nukta zinazoangukia kwenye jani. Kila nukta ni sentimita mraba moja. Iondoe, iweke tena kwa kuigeuza kidogo, hesabu mara ya pili, chukua wastani.

Kisha hesabu nukta zinazoangukia kwenye matundu. Kama nukta 300 ziko ndani ya ukingo wa jani na 15 kati yake ziko juu ya matundu, wadudu wamekula 15 katika 300, yaani asilimia 5. Watu wengi wakiona tundu moja wanakimbilia dawa. Gunia lililopoteza asilimia 5 linaweza kungojea mtu aokote viwavi kwa mkono. Na ukipiga dawa leo, huwezi kuchuma mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Sukuma iko mlangoni na watoto wako karibu.

Wenye simu za kisasa wanaweza kupiga picha ya jani pamoja na kikaratasi cha sentimita 5 kwa 5 kando yake. Ziko programu zinazohesabu ukubwa kutoka kwenye picha. Ni sawa, lakini jani lazima liwe limenyooka na simu iangalie chini wima, la sivyo picha inadanganya. Tepu haiishi chaji.

Kwa wenye shamba la mahindi

Ndugu zetu wa mashambani wanaweza kuendelea hatua moja. Mwaka 1947 Mwingereza D. J. Watson alipendekeza tugawanye ukubwa wa majani kwa ukubwa wa ardhi iliyo chini yake. Tuseme hindi moja, ukijumlisha urefu mara upana wa kila jani, lina 6,000. Mara 0.75 ni 4,500. Nafasi yake, ukipanda sentimita 75 kwa 30, ni 2,250. Gawanya: majani ni mara mbili ya ardhi. Shamba lililostawi vizuri, wakati mahindi yanapotoa mbelewele, hufika mara tatu hadi tano. Likiwa mara moja na nusu wakati huo, jua jingi linaangukia udongo na magugu, na mtafute sababu: nafasi kubwa mno, mbolea kidogo, au mvua. Majani ya chini yaliyokauka usiyapime.

Neno moja juu ya mto. Kipimo hiki kinaonyesha ukubwa wa jani, hakionyeshi usafi wake. Mto Nairobi unapopita Gikomba umebeba maji taka na uchafu wa viwanda, na sukuma iliyonyweshwa maji hayo inaweza kuwa pana na ya kijani kibichi kupita zote. Kikundi hiki kinatumia maji ya mtungi wa kununua, ambayo ni ghali, na hiyo ndiyo sababu nyingine walitaka kujua gunia gani linakunywa sana.

Walivyoamua

Walipima wiki nne. Daftari lilishikwa na watu wawili, mmoja wa upande wa kuku na mwingine wa upande wa mbuzi, na kila namba ilisomwa kwa sauti kabla ya kuandikwa. Mwishoni, walipojumlisha mavuno na majani yaliyobaki, mbolea ya kuku ilikuwa mbele kidogo sana, hata haikufaa kubishaniwa. Lakini daftari lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitaja wakati wa kelele. Magunia kumi yaliyopangwa kando ya ukuta wa mabati, matano ya kuku na matano ya mbuzi, yote yalikuwa na karibu nusu ya majani ya wenzake. Ukuta ule ulizuia jua mpaka saa saba mchana.

Ilikuwa bahati kwamba mbolea zote mbili zilikuwa na magunia pale ukutani. Kama magunia yote kumi yangekuwa ya mbuzi, mbolea ya mbuzi ingehukumiwa kwa kosa la kivuli. Kikundi chochote kinachotaka kujaribu mbolea kipige kura gunia lipi likae wapi kabla ya kupanda.

Sanduku halikufunguliwa kwa ajili ya mbolea. Waliwalipa vijana wawili wa mkokoteni kuyahamisha yale magunia kumi hadi upande wa barabara ambako jua linafika tangu asubuhi, na mbolea ya mbuzi wanaendelea kupewa bure na mchinjaji wa karibu. Yule mama aliyetaka kurudishiwa akiba ndiye anayeshika tepu sasa.